Karanga za NASA na gurudumu la Baikonur: je, wanasayansi nao ni washirikina?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu na cha nne. Juzi wanafunzi wangu walinionyesha video mbili kwenye simu. Moja ni padri wa Kirusi akiinyunyizia roketi maji ya baraka. Nyingine ni wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakigawiana karanga kabla chombo chao hakijatua Mars. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe na wao wana kamati ya ufundi! Sasa mbona timu zetu zikiruka ukuta wa uwanja tunaambiwa ni ushamba?" Darasa zima likaangua kicheko, nami sikuwa na jibu la maana. Je, watu hawa wanaamini kweli mambo hayo? Na niwaambie nini vijana?

JIBU: Mwalimu, kijana wako ameuliza swali zito, na anastahili jibu lisilomdharau. Mliyoyaona ni kweli. Hufanyika mwaka hadi mwaka, kwa makusudi, na watu waliosoma hasa. Ukimuuliza mmoja wao kama karanga inaweza kuelekeza chombo, atakuambia hapana bila kusita. Ila siku ya kurusha ikifika, karanga lazima ziwepo mezani.

Mimi ninayefundisha historia ya sayansi sina ugomvi na karanga hizo. Ushirikina uliowahi kuua watu katika safari za anga ni wa namna nyingine kabisa, nao hutauona kwenye video yoyote. Nitaufikia, lakini tuanze na hizo karanga, maana asili yake inajulikana vizuri na ndani yake mna somo zima la fizikia yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, maabara ya NASA iitwayo Jet Propulsion Laboratory, maarufu kama JPL, iliyoko Pasadena, California, ilikuwa na mradi ulioitwa Ranger. Kazi yake ilikuwa kutuma chombo kiuendee Mwezi moja kwa moja, kipige picha kadiri kinavyoukaribia, mpaka kiugonge. Vyombo sita vya kwanza vyote vilishindwa. Viwili vilikwama kwenye mzingo wa chini wa dunia, viwili vikaukosa Mwezi, na kimoja kikaugonga upande wa nyuma kikiwa kimeshakufa. Aliyeuma kuliko wote ni Ranger 6. Februari 1964 alifika palepale alipolengwa, watu wakisubiri picha, na kamera hazikuwaka. Haikupatikana picha hata moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo wa kamera ulijiwasha wenyewe dakika mbili tatu tu baada ya roketi kuruka, pale injini za chini zilipokuwa zinajitenga, ukapiga shoti na kuungua. Yaani chombo kilisafiri siku tatu kuelekea Mwezini kikiwa kipofu tayari.

Wahandisi wakaupanga upya mfumo huo usiweze tena kujiwasha. Tarehe 28 Julai 1964 Ranger 7 akarushwa. Siku hiyo mhandisi mmoja wa kukokotoa njia ya chombo, Dick Wallace, aliingia na karanga akawagawia wenzake. Ameeleza mwenyewe baadaye kwamba alitaka tu wapate cha kutafuna, wapunguze wasiwasi. Siku tatu baadaye Ranger 7 aliugonga Mwezi akiwa ameshatuma picha 4,308, za karibu kuliko zozote zilizowahi kuonekana na binadamu. Tangu hapo JPL hawarushi wala hawatui bila karanga. Zilikuwepo Agosti 2012 Curiosity ilipotua Mars, na zilikuwepo tarehe 18 Februari 2021 kwa Perseverance. India ilipokuwa ikijiandaa kurusha chombo chake cha Mars mwaka 2013, JPL waliwatumia salamu za heri wakiwakumbusha wasisahau karanga.

Sasa tazama kwa makini. Kati ya Ranger 6 na Ranger 7 palibadilika mambo mawili: saketi ya kamera, na karanga. Saketi haionekani na haina hadithi ya kusimulia. Karanga inaonekana, inatafunwa, na kila aliyekuwemo chumbani anaikumbuka. Akili yetu hushika kile inachokumbuka. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaweka njiwa wanane wenye njaa kwenye vizimba, chakula kikawa kinakuja kila baada ya muda uleule, wafanye wasifanye lolote. Sita kati yao wakazua mazoea: mmoja akawa anazunguka kizimbani, mwingine anachomeka kichwa kwenye kona ya juu, kana kwamba hicho ndicho kinacholeta chakula. Ubongo uliozoea kutafuta sababu huipata hata pasipokuwa na sababu, na ubongo wa mhandisi hauna kinga dhidi ya hilo. Tofauti ni kwamba mhandisi wa JPL anajua kuwa ni saketi. Angeulizwa achague kimoja, asingesita hata sekunde.

Twende Baikonur, Kazakhstan, ambako Warusi hurushia wanaanga wao. Huko mila ni nyingi mno, na nyingi kati yake zinaanzia kwa Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, tarehe 12 Aprili 1961. Inasimuliwa kwamba njiani kuelekea kwenye roketi aliomba basi lisimame, akashuka, akakojoa kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia. Wanaanga wengi waliomfuata wamefanya vivyo hivyo. Wanawake hawalazimiki, ingawa wapo waliokuja na kichupa. Kila mwanaanga hupanda mti wake karibu na hoteli ya wanaanga, na mti wa Gagarin bado uko pale. Usiku kabla ya kuruka hutazama filamu moja ileile ya zamani ya Kisovyeti. Roketi inapotolewa bandani kwa treni, wao hawaruhusiwi kuitazama, ni nuksi; watu wengine huweka sarafu kwenye reli ili ipondwe na treni hiyo, wabaki nayo. Ndani ya chombo huning'inizwa kidoli kwa uzi. Hiki nakipenda, kwa sababu kina kazi: injini zikizimika na chombo kikawa kwenye mzingo, uzi unalegea na kidoli kinaanza kuelea, na kila mmoja anajua kuwa uzito umeondoka.

Lakini mwiko wa Baikonur unaostahili heshima kuliko yote ni wa tarehe. Tarehe 24 Oktoba hakurushwi roketi pale. Ukiusikia hivihivi utadhani ni woga wa siku yenye mkosi. Ilivyokuwa ni hivi. Mwaka 1960 Wasovyeti walikuwa wanaijaribu roketi mpya ya kijeshi, R-16. Ilipata hitilafu ikiwa imeshajazwa mafuta. Utaratibu ulitaka mafuta yatolewe kwanza ndipo watu waikaribie, lakini wakubwa walikuwa na haraka, walitaka irushwe kabla ya sherehe za mapinduzi za tarehe 7 Novemba. Mkuu wa kikosi cha makombora, Mitrofan Nedelin, akaketi kwenye kiti karibu kabisa na roketi ili mafundi waone kwamba hakuna cha kuogopa. Injini ya hatua ya pili ikawaka ghafla, ikatoboa matangi yaliyokuwa chini yake. Walikufa watu wasiopungua 70, Nedelin akiwa mmoja wao. Mbunifu wa roketi yenyewe, Mikhail Yangel, alipona kwa kuwa alikuwa ameenda kuvuta sigara. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile ya 24 Oktoba 1963, moto ulizuka kwenye shimo la kurushia roketi nyingine, wakafa mafundi wengine. Basi siku hiyo ikafungwa, na hadi leo watu huweka maua kwenye makaburi.

Utauita ushirikina? Kwa sura unafanana nao: tarehe haina nguvu ya kulipua roketi. Lakini kila mwaka fundi kijana wa Baikonur anauliza kwa nini leo haturushi, na mkubwa wake analazimika kumsimulia habari ya wakubwa waliokuwa na haraka na roketi iliyojaa mafuta. Ajali hiyo ilifichwa na serikali kwa miaka karibu thelathini. Katika muda wote huo, mwiko ulikuwa mahali pekee ambapo somo lile liliweza kuhifadhiwa.

Linganisha na woga wa namba 13 kule Marekani, ambao kwa maoni yangu haufundishi kitu. Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda Mwezini, iliruka tarehe 11 Aprili 1970, saa 7 na dakika 13 mchana kwa saa za Houston, na huko huandikwa 13:13. Tangi la oksijeni likalipuka tarehe 13 Aprili. Usimlaumu mtu akitetemeka. Hata hivyo chanzo chake kiliandikwa chote kwenye ripoti. Tangi lile halikutengenezwa kwa ajili ya Apollo 13. Lilifungwa kwanza kwenye chombo cha Apollo 10, likatolewa lifanyiwe marekebisho, na wakati wa kulitoa likaanguka kama sentimita tano. Ndani yake mlikuwa na swichi za kuzima kipasha joto, zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 28, ilhali mitambo ya pale kituoni ilikuwa inapeleka volti 65. Walipolipasha moto kwa saa nyingi ili kulitoa oksijeni iliyokataa kutoka, swichi zikagandana, joto likapanda kupita kiasi, ngozi ya nyaya ikaungua. Kuanzia hapo tangi lile lilikuwa bomu, hata lingefungwa kwenye chombo chenye namba gani. Miaka kadhaa baadaye NASA walipobadilisha namna ya kuzitaja safari za vyombo vya Shuttle, vile vilivyokuwa vinaruka na kurudi kutumika tena, wanaanga wa wakati huo walisimulia kuwa sababu mojawapo ni mkuu wao kutotaka kuwe na safari iitwayo STS-13. Safari hiyo ikaitwa 41-C. Wanaanga wake wakajichorea nembo yao ya pembeni yenye paka mweusi na namba 13, wakaitengeneza satelaiti iliyokuwa mbovu, wakatua salama Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 1984.

Kwa nini basi fani hii ina mambo haya mengi kuliko, tuseme, wahandisi wa barabara? Jibu bora ninalolijua lilitoka baharini. Kati ya 1915 na 1918 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki. Akaona kwamba wanapovua ndani ya wangwa uliotulia, ambako samaki ni wa uhakika na hakuna hatari, hawatumii uganga wowote. Wakitoka bahari kuu, penye dhoruba na bahati nasibu, huanza matambiko. Watu walewale, elimu ileile. Uganga wao ulianzia pale ujuzi wao ulipoishia. Mvuvi wa pwani yetu hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Roketi ni bahari kuu. Mhandisi amefanya kazi miaka minane kwenye chombo kimoja, kila skrubu ameipima, halafu zinakuja dakika saba za kushuka Mars ambapo ishara ya redio inachukua dakika nyingi kufika duniani. Akipata taarifa kwamba chombo kimeanza kushuka, kwa hakika kimeshatua au kimeshavunjika. Hana la kufanya. Mikono inataka kazi, na karanga ni kazi ya mikono. Je, inamsaidia? Utafiti wa mwaka 2010 wa Ujerumani ulidai kwamba watu wakiambiwa mpira wa gofu waliopewa ni wa bahati hulenga vizuri zaidi; mwaka 2014 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi wakakuta hakuna tofauti. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kuwa hirizi huongeza maksi. Kinachoungwa mkono zaidi ni kwamba kitendo cha mazoea hupunguza hofu, na hilo ndilo alilolitaka Wallace.

Kuhusu padri na maji ya baraka, naomba tutenganishe. Sala ya muumini si karanga, na mimi siiweki kapu moja na ushirikina. India ni mfano mzuri. Wakuu wa shirika lao la anga, ISRO, huenda hekaluni kabla ya kurusha, na huko Tirumala hupeleka kielelezo kidogo cha roketi. Kabla ya Chandrayaan-2 mwaka 2019 walisali. Chombo kikaanguka kikijaribu kutua Mwezini. Kabla ya Chandrayaan-3 mwaka 2023 walisali tena, na tarehe 23 Agosti kikatua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Katikati ya sala hizo mbili walikaa chini wakaorodhesha kila kinachoweza kuharibika: wakaimarisha miguu, wakaongeza mafuta, wakarekebisha programu, na eneo la kutua lililokuwa mita 500 kwa 500 wakalipanua kufikia kilomita 4 kwa 2.4. Hakuna aliyesema hitilafu ya kwanza ilitokana na sala kupungua, au kwamba kuna aliyewaroga.

Hapo ndipo penye mpaka, mwalimu. Mimi huuliza mambo mawili. Je, kitendo hiki kimekuja baada ya ukaguzi, au kimechukua nafasi ya ukaguzi? Na mambo yakiharibika, nani anabebeshwa lawama: kifaa au mtu? Timu ikiingia uwanjani kwa kuruka ukuta baada ya kufanya mazoezi ya kutosha, hasara ni faini na aibu. Timu ikimlipa mganga huku wachezaji hawajalipwa mishahara, au kipa akitengwa na wenzake eti ndiye mwenye mkosi, tumevuka mpaka. Na sisi tunajua mpaka huo ukivukwa kabisa unafika wapi. Kwetu wameuawa vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, na wamekatwa viungo wenzetu wenye ualbino. Mtu akiniambia ushirikina wa Baikonur na ule ni kitu kimoja, nakataa kwa nguvu zote. Kule hakuna anayeumia.

Sasa nije kwenye ule ulioua wanaanga. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za Challenger, mojawapo ya vyombo vya Shuttle, walikuwa kwenye simu na NASA wakiomba safari iahirishwe. Kulikuwa na baridi isiyo ya kawaida Florida, na waliogopa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa. Walisema isirushwe chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Pete hizo zilikuwa zimeshaonekana na dalili za kuungua katika safari zilizopita, lakini kila mara chombo kilirudi salama, na kila kilivyorudi, wakubwa waliona kuwa tatizo linavumilika. Asubuhi yake joto lilikuwa kama nyuzi 2. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, na wanaanga wote saba wakafa. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, aliifananisha hoja ya wakubwa hao na mchezo wa kujilenga bastola yenye risasi moja: kwamba ya kwanza haikulipuka si ushahidi kwamba ya pili haitalipuka. Alikuta wakubwa wakikadiria nafasi ya ajali kuwa moja kwa 100,000, wakati wahandisi walisema kama moja kwa 100. Miaka 17 baadaye Shuttle nyingine, Columbia, ilipotea kwa fikra hizohizo, kwa sababu vipande vya povu linalofunika tangi la mafuta vilikuwa vimeshadondoka mara nyingi bila kuleta maafa.

Huo ndio ushirikina ninaouogopa. Umevaa suti, una majedwali na namba, na unasema: tumepona jana, basi tutapona kesho. Wale njiwa wa Skinner walifikiri vivyo hivyo. Wala hauko NASA peke yake; uko kwenye kila feri inayojazwa kupita uwezo kwa kuwa wiki iliyopita ilifika.

Ukipenda kulifanya hili liwe kipindi, achana na mjadala wa nani mshirikina, vijana watapigana maneno mpaka kengele ilie. Wape takwimu za Challenger. Ripoti ya tume ilionyesha kuwa safari zote nne zilizotangulia ambazo pete zake zilikuwa na joto la chini ya nyuzi 18 zilikuwa na dalili za kuharibika, na kati ya safari 20 zenye joto zaidi ya hapo, ni tatu tu. Usiku ule wa mabishano, zilizolinganishwa ni safari zenye madhara peke yake, zile zilizorudi salama ziliachwa nje, kwa hiyo uhusiano na baridi haukujitokeza. Ligawe darasa mafungu mawili. La kwanza lipe safari saba zenye madhara tu, la pili lipe zote 24. Waambie wachore, kisha kila fungu liamue kama lingerusha kwenye nyuzi 2. Usiwaambie ni chombo gani mpaka wamalize kupiga kura.